Ile Mikwaju Miwili Kwenye Taito ya Kitengela

Wasee, kama kwenu kuna taito ya ploti ya Kitengela, mwambie mzazi akuonyeshe leo. Nawa mikono kwanza, hasa kama umetoka kula chipo. Angalia namba ya shamba. Itaanza na Kajiado, halafu mkwaju, halafu Kitengela, halafu mkwaju mwingine, halafu tarakimu. Kwa majirani wengine hapo katikati pameandikwa Kaputiei-North. Kwa watu wengi hiyo ni namba tu ya kujazia fomu za benki. Mimi nikiiona naona historia mbili zimekaa kwa laini moja: historia ya kompyuta, na historia ya hii kaunti yetu.

Nieleze. Kwenye programu kuna kitu kidogo sana kinachofanya kazi moja tu: maktaba ya msimbo inayoorodhesha njia za funguo. Najua jina halivutii. Lakini ukielewa hiyo kitu vizuri, utaelewa pia kwa nini watu Kitengela huuziwa ploti moja mara mbili, na kwa nini kuna watu waliokaa hapa tangu zamani lakini majina yao hayako popote.

Tuanze na simu yako. Data nyingi hukaa kama masanduku ndani ya masanduku. Ukilipa dukani kwa M-Pesa, ile ya kuletewa ujumbe kwa simu uweke pin, seva ya duka hutumiwa jibu lililoandikwa kwa muundo unaoitwa JSON. Sanduku la nje linaitwa Body. Ndani yake kuna sanduku linaitwa stkCallback. Ndani ya hilo kuna ResultCode, yaani namba inayosema kama malipo yamepita au la. Kama yamepita utakuta sanduku lingine tena, CallbackMetadata, na ndani yake orodha inaitwa Item, yenye kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu. Kila jina la sanduku ni ufunguo. Ukitaka kujua kama pesa imeingia, lazima utaje funguo zote kwa mpangilio, kutoka nje hadi ndani:

Body.stkCallback.ResultCode

Hiyo ndiyo njia. Ukikosea herufi moja hufiki.

Sasa hebu wazia umepewa jibu la hivyo lenye masanduku mia mbili, na hakuna mtu wa kukuambia ndani kuna nini. Hapo ndipo ile maktaba ndogo inaingia. Unaipa sanduku la nje, inakurudishia orodha ya njia zote. Inavyofanya ni rahisi. Inafungua sanduku. Kwa kila ufunguo inajiuliza: hapa kuna thamani ya mwisho, kama namba au jina, ama kuna sanduku lingine? Kama ni thamani, inaandika njia kwenye orodha. Kama ni sanduku, inaingia ndani ikiwa imebeba majina yote ya kule ilikotoka, inaanza kazi ileile upya. Mistari kama kumi na tano hivi ya msimbo, imeisha. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hii sikuipatia darasani. Niliijulia kwa kuandikia maduka ya hapa mtaani vijiprogramu vya risiti.

Na usidharau kitu kwa sababu ni kidogo. Machi 2016 jamaa mmoja aliondoa maktaba yake inaitwa left-pad kwenye ghala la npm, ambapo watengenezaji programu duniani kote huchukua vipande vya msimbo. Ilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maneno. Miradi mingi mikubwa ikagoma kujengeka, kwa sababu chini kabisa, bila wengi kujua, ilikuwa inaitegemea. Ikabidi irudishwe haraka. Vitu vidogo ndivyo hushikilia vikubwa.

Wazo lenyewe la njia halikuanza na simu. Mwaka 1965 Marekani, Robert Daley na Peter Neumann waliandika jinsi faili zitakavyokaa kwenye kompyuta ya mradi uitwao Multics. Walizipanga kama mti: folda ndani ya folda, na kila faili ina njia ya kuifikia kutoka kwa mzizi. Multics ilitenganisha majina kwa alama ya >. Miaka michache baadaye Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs wakatengeneza Unix, wakachukua wazo la mti lakini wakaweka mkwaju. Ule mkwaju unaouona kwenye anwani za intaneti umetoka huko. Wakati huohuo IBM na wenzao walikuwa wanajenga mfumo wa kuhifadhi orodha ya vipuri vya chombo cha Apollo cha kwenda mwezini, nao pia ukawa mti: sehemu ndani ya sehemu ndani ya sehemu.

Halafu mwaka 1970 akaja Edgar Codd, mwanahisabati aliyekuwa hapohapo IBM, akauliza swali ambalo watu hawakutaka kulisikia. Alisema hivi, kwa maneno yangu: programu ikishajua njia moja tu ya kufika kwa data, siku mti ukipangwa upya programu inakufa. Data bado ipo, haijaenda mahali, lakini njia ya zamani haifiki tena. Ndiyo maana akapendekeza data ikae kwa majedwali. Lakini miti haikuisha. Mwaka 2001 Douglas Crockford na wenzake wakaanza kutumia JSON, ikaenea, na leo programu nyingi za simu zinaongea hiyo lugha. Mwaka 2013 ikatoka kanuni rasmi ya kuandika njia ndani ya JSON, na alama waliyochagua ni ileile: mkwaju.

Sasa shika maswali matatu. Yeyote anayeandika maktaba ya kuorodhesha njia lazima ayajibu, apende asipende.

La kwanza: sanduku tupu litaorodheshwa? Maktaba nyingi huandika njia zinazofika kwenye thamani tu. Sanduku lisilo na kitu ndani halitoi njia yoyote, kwa hivyo kwenye orodha ni kama halikuwahi kuwepo.

La pili: ni nani ufunguo, na nani amebaki ndani bila jina? Orodha huonyesha tu kile kilichopewa ufunguo.

La tatu ni lile la Codd: mti ukipangwa upya, njia mpya itakumbuka ilitoka wapi?

Haya, turudi Kajiado na haya maswali mfukoni.

Kabla ya taito yoyote kuandikwa, Wamaasai walikuwa na mti wao. Juu kuna olosho, sehemu kubwa ya jamii yenye eneo lake. Ndani ya olosho kuna enkutoto, eneo dogo la majirani wanaotumia maji na malisho pamoja. Ndani yake kuna enkang', boma. Kaputiei unayoiona kwenye taito ni jina la olosho. Lakini kwenye mti huo haki ya nyasi haikukaa mwisho kabisa, kwenye boma. Ilikaa juu zaidi. Ukame ukija upande huu ng'ombe wanaenda upande ule, na mahali palipobaki patupu hapakuwa pasipo mwenyewe. Palikuwa panapumzika.

Sasa ona lile swali la kwanza. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe, ndui ikamaliza watu. Waingereza walipofika wakaona nyanda kubwa zisizo na watu wengi, wakasoma: tupu. Sanduku tupu, hakuna njia ya kuandika. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini huku. Waliambiwa huo mpango utadumu muda wote Wamaasai watakapokuwepo. Miaka saba tu ikapita. Mkataba wa 1911 ukawatoa na Laikipia pia, wakaletwa kwenye hifadhi ya kusini, ambayo leo ndiyo Kajiado na Narok. Mwaka 1913 wakaenda kortini, kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo. Korti ikasema haina uwezo wa kuisikiliza, eti huo ni mkataba kati ya mataifa mawili. Yaani siku ya kusaini walihesabiwa kama taifa, na hilohilo likatumiwa kuwafungia mlango wa korti.

Swali la pili likaja baada ya uhuru. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi. Ndiyo iliyoleta ranchi za vikundi: eneo kubwa, taito moja, na rejista ya wanachama. Wazo halikuwa baya. Ardhi inabaki moja, ng'ombe wanatembea, na karatasi ipo ya kuzuia mtu wa nje asijikatie.

Lakini rejista ni orodha ya funguo. Walioandikwa wengi walikuwa wanaume, wenye maboma. Mke alikuwa ndani ya boma, hakuwa na ufunguo wake. Mtoto hivyohivyo. Aliyezaliwa baada ya rejista kufungwa, pole. Ilimradi ardhi ilikuwa moja hilo halikuuma sana, kwa sababu aliyekuwa ndani ya sanduku bado alikula kutoka kwa sanduku. Uchungu ulikuja siku ya kugawa. Unapogawa kwa kufuata orodha, asiye na ufunguo hapati njia.

Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Kila mwanachama aliyeandikwa akapata kipande chake na taito yake. Miaka miwili baadaye, 1990, ikaundwa mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ile EPZ, na Athi River hapo jirani pakajengwa viwanda. Wafanyakazi wanahitaji mahali pa kulala. Noonkopir, kama wazee wanavyouita mji huu, kikawa ndicho hicho Kitengela unachokijua: magorofa, hadweya, matatu za Nairobi, na vumbi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu elfu 58 hivi kwenye mji. Ya 2019 ikapita laki moja na nusu. Hao watu wote wamekaa mahali, na mahali hapo palikuwa na mwenyewe kabla yao.

Sio watu tu waliopoteza njia. Nyumbu walikuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, wanavuka mto na kushuka nyanda za Athi-Kaputiei kila msimu wa mvua. Upande wa kusini wa mbuga hauna ua, uliachwa wazi kwa ajili yao. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Miaka 40 baadaye wakawa maelfu machache. Njia yao ilikuwa ya kweli kabisa, imekanyagwa hadi inaonekana kwa macho, lakini kwenye rejista ya ardhi haikuwa na ufunguo. Ilipita katikati ya vipande vya watu, na kila mtu akaweka ua wake kihalali.

Sasa swali la tatu, na hapa kijana unayeweka akiba ununue hamsini kwa mia, tulia usome.

Chukua shamba lenye namba, tuseme, 100. Mwenyewe anataka kulikata vipande vinane auze. Mpimaji anajaza fomu ya mabadiliko, ile wote huita mutesheni. Rejista ya 100 inafungwa, zinafunguliwa rejista mpya nane. Ungetegemea vipande viitwe 100/1, 100/2, hadi 100/8, si ndio? Hapana. Kwa mtindo huu wa Kajiado/Kitengela, uliotokana na sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963, vipande vinapewa namba zinazofuata kwenye foleni ya eneo zima. Kama namba ya mwisho kutolewa ilikuwa 5000, vyako vinakuwa 5001 hadi 5008. Ukiisoma 5003, hakuna kitu hata kimoja kinachokuambia alitoka kwa 100.

Linganisha na namba za L.R., mtindo mwingine wa zamani ambao utaukuta hata hapo Syokimau. Kule namba ya shamba kubwa inabaki, unaongezwa mkwaju na namba ya kipande. Mtoto anabeba jina la mama. Kwa lugha ya ile maktaba yetu, mfumo mmoja unabeba funguo zote kutoka kwa mzizi, mwingine unaangusha funguo za katikati njiani.

Mtaa uligundua pengo hilo, ukalijaza kwa mdomo. Ndiyo maana Kitengela kila dalali anaongea kuhusu taito mama. "Taito mama iko, yako inatoka baada ya miezi mitatu." Watu wa kawaida waliunda uhusiano wa mzazi na mtoto ambao namba haina. Shida ni kwamba maneno ya dalali sio rejista. Ukiwa bado huna 5003, unalipia njia ambayo haijaandikwa popote. Mwenye taito mama anaweza kuuza kile kipande kwa mwingine, akachukua mkopo wa benki juu ya hiyo mama, au akafariki na watoto wakaanza kesi ya urithi. Na wewe uko na karatasi ya makubaliano na picha za kuweka vigingi.

Kisha mti wenyewe unapangwa upya tena. Mwishoni mwa 2017 ilitolewa amri ya kuweka mfumo mmoja wa namba za ardhi nchi nzima badala ya ile mitindo mingi ya zamani. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazindua Ardhisasa, jukwaa la mtandaoni la huduma za ardhi, na kazi ikaanzia Nairobi. Mashamba yanayobadilishwa huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, namba ya zamani kando ya namba mpya. Hiyo orodha ya pande mbili ndiyo jibu la wasiwasi wa Codd. Kama mti lazima ubadilike, basi hifadhi daraja kutoka njia ya zamani hadi ile mpya. Bila daraja ardhi iko palepale, lakini karatasi ya mamako inaelekeza mahali ambapo hapajulikani tena.

Kuna watu watasema teknolojia itamaliza haya mambo. Mimi nasema itategemea imeulizwa nini. Ukichukua rejista ya wanaume wa ranchi ukaiweka kwenye seva, utapata rejista ileile, ila sasa inafunguka haraka. Kompyuta haiongezi mjane aliyeachwa nje. Haioni njia ya nyumbu. Inaorodhesha kilicho na ufunguo, basi. Kazi ya kuamua nani anapewa ufunguo imekuwa yetu tangu zamani, na kila tulipoiachia mwenye kalamu, kuna watu walilala nje.

Sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 ilifuta ile ya 1968, na inasema wanachama wa jamii wasibaguliwe, wanawake na vijana wakiwemo. Kuna sehemu za Kajiado ambako ranchi bado zinagawanywa au zinajadili kugawanywa. Kama kwenu ni mojawapo, usingoje siku ya mpimaji. Enda mkutanoni. Uliza rejista ilifungwa lini, na nani hayumo. Dadako yumo? Shangazi aliyerudi nyumbani yumo?

Na kama wewe ni wa kununua, fanya hivi. Usitosheke na sachi ya namba mpya peke yake. Uliza ilitoka kwa namba gani. Tafuta nakala ya mutesheni na kadi ya kijani, uone mama alifungwa lini na watoto wake ni wangapi. Peleka hizo namba kwa ramani, halafu ramani kwa shamba lenyewe, ukiwa na mpimaji wa kwako, sio wa dalali. Unatembea ile njia yote kutoka mzizi hadi jani, bila kuruka ufunguo hata mmoja.

Kama wewe ni wa kuandika msimbo, hayo maswali matatu yabandike ukutani. Kumbuka lile jibu la M-Pesa: mteja akighairi malipo, ResultCode inakuja 1032 na lile sanduku la CallbackMetadata halipo kabisa. Programu iliyokariri njia ya risiti bila kuuliza kwanza kama sanduku lipo inaanguka hapo hapo. Orodhesha njia zote, hata za masanduku matupu. Beba jina la mzazi kila unapoingia ndani. Ukibadilisha mpangilio, acha daraja.

Mkiuliza wazazi hiyo namba ya taito jioni hii, waulize pia ilikatwa kutoka kwa gani, na kabla ya hapo palikuwa pa nani. Wengine hawatajua. Wengine watajua hadi jina la boma. Andika chini wanachosema, kwa sababu ile namba ya pale juu haikubeba hiyo sehemu.